Jinsi ya Kuishi na Kijito Bila Kukisingizia

Kila kijito kina mashahidi wengi na ushahidi kidogo. Kaa kwenye benchi la kahawa, ulizia maji ya zamani. Mzee wa kwanza atagusa kiuno: "Yalikuwa yanafika hapa." Wa pili atagusa kifua. Wa tatu, ambaye ndiye mrefu kuliko wote, atagusa shingo. Hakuna anayedanganya. Mtu hukumbuka siku ya gharika na siku ya ukame. Siku za katikati, ambazo ndizo nyingi, zinapita bila kuandikwa popote. Basi maji yakipungua tunasema kijito kimekufa, yakijaa tunasema kimepandwa na wazimu, na chenyewe hakina mdomo wa kujitetea.

Mwongozo huu ni wa kukitafutia mdomo. Kijito changu kinashuka kutoka milima ya Uluguru, kinapita nyuma ya migomba yetu hapa Morogoro, kinaingia mto Ngerengere. Ngerengere unaingia Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha Dar es Salaam. Bomba likikoroma Kinondoni, habari ilianzia huku juu siku kadhaa kabla. Vifaa vingi vya kazi vinaenea kwenye ndoo moja: rula, kamba, themomita, kopo, kaunta buku, penseli, simu yenye saa, na madanzi matatu. Madanzi nitayaeleza.

Hatua ya kwanza haigusi maji kabisa. Kabla hujalowesha hata kidole, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, halafu kwa majirani, mlango kwa mlango. Mtu akionekana ameinama kijitoni na kamba, anaandika, machoni pa watu anafanya moja kati ya mambo matatu: anapima viwanja vya kuuza, anatafuta rupia za Mjerumani, au anaroga. Kanusha yote matatu, na kwa mpangilio huo, kwa sababu la viwanja ndilo linaloleta mapanga. Ukishamaliza, nenda kwa kina mama wanaofua, ukae ujifunze. Wao wanajua ni jiwe gani linazama mvua ikinyesha mara moja, na lipi halijazama tangu mtoto wao wa kwanza alipozaliwa. Kila nilichokuja kukipima baadaye kwa sentimita, nilikisikia kwanza kwao kwa mawe.

Sasa tafuta mahali. Usidanganywe na bwawa lile zuri lenye kivuli ambapo vijana wanaogelea. Maji yaliyotulia hayasemi kitu. Unataka mkondo ulionyooka mita kumi au zaidi, usio na kona, wenye kingo imara na kitako ambacho hakihamihami. Nguzo ya daraja ni zawadi. Simamisha hapo geji yako: ubao uliopakwa rangi nyeupe na alama nyeusi za sentimita, ukafungwa kwenye nondo iliyopigwa nyundo mpaka ikatae. Sifuri ya ubao ikae chini kuliko maji ya kiangazi kikali, maana ukiiweka juu, Oktoba utakuta maji yako chini ya sifuri na daftari lako halina namba ya kuyaita.

Halafu fanya jambo ambalo wengi hulisahau. Piga msumari kwenye kitu kisichohama, zege la daraja au mwamba wenye ufa, na upime kwa usahihi ni sentimita ngapi kutoka kwenye msumari huo hadi sifuri ya geji. Ipo siku gharika itaupeleka ubao wako Ngerengere. Bila msumari, ubao mpya utakuwa unaanza maisha mapya, na miaka yote iliyotangulia itakuwa imesomwa kwa lugha nyingine.

Geji inakuambia kina tu. Kina si wingi. Kijito chembamba chenye kina kinaweza kubeba maji machache kuliko kipana cha kifundo cha mguu kinachokimbia. Hapa ndipo danzi linapoingia kazini.

Danzi, kwa msomaji aliyekulia mbali na mwambao, ni lile chungwa chachu ambalo hakuna mtoto mwenye akili timamu atakayelimenya. Nilianza na machungwa ya kawaida. Unarusha chungwa juu ya mkondo, unahesabu sekunde, na kule chini mita kumi umemweka kijana wa kulidaka. Machungwa yalifika salama, yakadakwa vizuri, na hayakuonekana tena. Kipimo kimoja kinataka kurudiwa mara tatu au nne ili upate wastani, kwa hiyo chombo cha kupimia lazima kirudi. Danzi linarudi. Na lina sifa za kweli za kazi: linaelea huku sehemu kubwa imezama, kwa hiyo linafuata maji badala ya kufuata upepo kama unavyofanya mfuniko wa chupa, likiiva rangi yake inaonekana toka mbali, na likipotea, limepotea tunda, hukuongeza plastiki mtoni.

Hesabu yenyewe iko hivi. Pima upana wa kijito kwa kamba. Tuseme mita 2. Vuka taratibu ukipima kina kila sentimita 20 kwa rula. Tuseme wastani ni sentimita 15. Zidisha: mita 2 mara 0.15 ni mita za mraba 0.30. Huo ndio mlango ambao maji yanapitia. Danzi limekwenda mita 10 kwa sekunde 25, sawa na mita 0.4 kwa sekunde. Lakini danzi linasafiri juu, na maji ya juu ndiyo yenye mbio; ya chini yanajikwaa kwenye mawe. Kwa hiyo punguza kasi hiyo kwa kuizidisha na 0.85, na kama kitako ni mawe matupu, punguza zaidi, hata 0.7. Kwa 0.85 utapata mita 0.34 kwa sekunde. Zidisha na mlango wako: mita za ujazo 0.102 kwa sekunde, yaani lita 102. Ndoo tano za lita 20, kila sekunde. Simama hapo ukingoni upige makofi, kofi moja kila sekunde, na kila kofi uone ndoo tano zinapita. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo niliacha kukiita kijito hiki "kamfereji."

Kiangazi kikikaza, danzi linakwama. Maji yanakuwa uzi. Hapo unatumia ubao wenye pengo la umbo la V, pembe ya nyuzi 90, unaokatwa na fundi seremala yeyote. Unauziba ukingo kwa ukingo kwa udongo wa mfinyanzi, maji yote yanalazimika kupita kwenye pengo, na unapima urefu wa maji juu ya ncha ya V, ukisimama hatua chache nyuma ya ubao ambako uso wa maji haujaanza kuinama. Sentimita 10 ni kama lita 4.4 kwa sekunde. Sentimita 20 si mara mbili yake: ni karibu lita 25. Tazama hizo namba tena. Kila sentimita ya juu ina uzito zaidi kuliko ya chini yake, na ndiyo sababu anayesoma "kama kumi na nane hivi" anakosea ndoo nyingi. Ubao huu waambie kwanza watu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, usije ukaonekana unajenga banio la wizi, na uung'oe kabla ya vuli.

Ukishapima wingi mara kumi na zaidi, maji yakiwa madogo, ya kati na makubwa, chora kwenye karatasi ya grafu: kina upande mmoja, lita upande wa pili. Unganisha nukta kwa mkono uliotulia. Tangu siku hiyo unasoma ubao tu, mchoro unakupa lita. Lakini kila gharika kubwa ikichimba kitako, mchoro umekufa. Chukua madanzi uanze upya.

Joto la maji ni kazi fupi. Nunua themomita yenye spiriti nyekundu, siyo zebaki, maana ipo siku itapasuka na humo watu wanachota. Ifunge kamba. Izamishe katikati ya mkondo kwenye kivuli, subiri dakika mbili, uisome balbu ikiwa bado ndani ya maji. Anayeitoa kwanza halafu akasoma ameandika joto la hewa.

Na kwa nini ujisumbue? Kwa sababu joto ndilo linaloamua nani ataweza kupumua humo. Maji ya nyuzi 20 yana uwezo wa kubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30, uwezo unashuka hadi kama 7.5. Samaki na wadudu wa majini wanaishi kwenye tofauti hiyo. Pima saa nane mchana pale maji yanapotoka msituni, kisha shuka upime pale ambapo mikuyu imekatwa na ukingo umebaki uchi. Mimi nilifanya hivyo siku tano mfululizo, na kila siku themomita ilipanda kati ya sehemu hizo mbili, ambazo mtu anatembea kwa dakika ishirini tu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kibinadamu zikae mita 60 kutoka ukingoni. Watu wengi wanaiona mita 60 ni ukorofi wa serikali. Wape themomita, washike kamba wenyewe, waone.

Mvua sasa. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, lisilobanwa shingo, ulipachike kwenye kigingi mahali pa wazi, mbali na mti au paa angalau mara mbili ya urefu wake. Milimita moja ndani ya kopo ni lita moja kwa kila mita ya mraba ya ardhi. Maadui wa kopo ni mbuzi anayekunywa, kuku anayepiga teke, na mtoto anayekusaidia. Mtoto ndiye wa hatari, kwa kuwa ana nia njema: anaona kopo lako kavu siku nyingi, anakuhurumia, anakuwekea maji. Mpe kazi rasmi ya ulinzi, atakuwa mkali kuliko bodigadi.

Soma saa tatu asubuhi kila siku, saa ambayo vituo vya hali ya hewa vya ukanda wetu husoma mvua, ili namba zako ziweze kulinganishwa na za wenzako. Kopo likiwa kavu, andika 0. Usiache wazi. Sifuri inasema nilikwenda nikaangalia, mvua haikunyesha. Nafasi tupu haisemi kitu, na baada ya miaka mitatu hata wewe mwenyewe hutajua kama ilikuwa kiangazi au ulikuwa msibani.

Kwa joto la hewa, themomita isining'inizwe ukutani pa jua. Itengenezee kisanduku cheupe chenye mabati au mbao za kupishana kama dirisha la luva, kimo cha kifua cha mtu mzima, upepo upite na jua lisiingie. Kisanduku cha namna hiyo kilibuniwa na mhandisi wa Uskoti, Thomas Stevenson, baba yake Robert Louis Stevenson, yule aliyeandika riwaya ambayo Waswahili waliisoma kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Hupenda kuwaambia watoto jambo hilo: mwana alitunga hazina, baba alijenga sanduku.

Kaunta buku ndilo kituo chenyewe. Kalamu ya wino inalia mvua ikinyesha, tumia penseli. Ukikosea, usifute: piga mstari mmoja, andika pembeni, kosa lako lisomeke. Andika saa uliyosoma kweli, siyo uliyotakiwa kusoma. Na usipike. Wapo wanaokaa jioni moja wakajaza mwezi mzima, na daftari lao unalijua kwa kulitazama: 34, 34, 33, 34, kijito kimetulia kama maji ya mtungi, wakati katikati ya mwezi huo daraja la miti lilikwenda na maji. Siku usiyosoma, andika "sikusoma." Hilo nalo ni neno la kweli.

Kazi hii ni ya kale na ina heshima. Kule Cairo, kisiwani Roda, kipo mpaka leo kisima chenye nguzo ya alama kilichojengwa mwaka 861 kwa ajili ya kusoma kina cha Nile, na kodi za wakulima zilikadiriwa kwa maji hayo. Ziwa Victoria linasomwa tangu 1896. Ndiyo maana tunaweza kusema kwa hakika kwamba mvua zilizoanza 1961, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, ziliinua ziwa zima kwa zaidi ya mita mbili kufikia 1964. Na Ruaha Mkuu, ambao watu wa zamani waliuona ukitiririka mwaka mzima, tunajua ulianza kukatika kiangazi tangu 1993, kwa sababu walikuwepo walioandika. Bila wao tungebaki na wazee watatu na viuno vyao.

Kuna mwaka walitujia wataalamu na mashine ya kujisomea yenyewe, yenye sola na antena. Niliifurahia kweli. Masika ya pili tope liliziba jicho lake, betri ikaibwa, mradi ukawa umeisha, na hakuna aliyerudi hata kuuliza. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa kuwa ilikuwa mashine nzuri na ilihitaji mtu mmoja tu wa kuifuta tope kila Jumamosi. Nguzo yake watu wanaifungia mbuzi.

Faida ya daftari utaiona siku ya ugomvi. Kiangazi kimoja watu wa bondeni walipanda na majembe mabegani. Walikuwa na hakika kwamba wenzao wa juu wameyafungia maji kwenye mifereji ya mchicha na kabichi. Wa juu nao wakaapa: "Sisi tunachukua maji kidogo tu ya kunyunyizia." Kikao kikawekwa chini ya mwembe, kila upande na mzee wake mwenye kugusa kiuno. Nilikuwa na mbao mbili za V wiki ile, moja juu ya mifereji na moja chini yake. Ya juu ilisoma sentimita 16, ya chini sentimita 14 na nusu. Kwa macho ni upana wa kidole. Kwa lita ni 14 zinazoingia na 11 zinazotoka.

Nikawasomea pande zote mbili. Kwa wa juu: lita 3 kwa sekunde ni lita 10,800 kwa saa, ndoo 540. Hizo si za kunyunyizia mchicha. Walinyamaza. Kwa wa bondeni: hata mifereji yote ikifungwa leo mnapata 14, na mwaka jana wiki hiihii ubao wa juu ulisoma sentimita 19, yaani lita karibu 22. Lita nane hazikuibwa na mtu yeyote aliyekaa hapa. Hazikufika kutoka mlimani. Mzee mmoja wa bondeni akalichukua daftari, akalisogeza mbali na macho, akafuata mstari kwa kidole mpaka mwisho. Halafu akauliza swali ambalo halikuwa limeulizwa tangu asubuhi: "Kule juu msituni kumetokea nini?" Jioni ile walipangiana zamu, siku kwa siku, na wiki iliyofuata watu wanane wa pande zote mbili walipanda pamoja kuangalia chanzo. Walikuta tanuri mbili za mkaa.

Hatua ya mwisho ni ya kuokoa maisha, kwa hiyo isome polepole. Kijito cha mlimani huja jua likiwaka. Mvua imenyesha juu kwenye kilele cha Bondwa, huku chini watoto wanaoga, mbingu bluu. Dalili zipo, lakini zinachelewa: maji yanabadilika rangi kama chai iliyotiwa tone la maziwa, yanaleta majani mabichi na vijiti, unasikia harufu ya udongo, kisha mngurumo wa mawe yanayogongana chini ya maji. Ukisikia mawe, usihesabu kitu, usichukue ndoo, panda. Maji ya magoti yenye kasi yanatosha kumwangusha mtu mzima, na akishaanguka mawe yanamaliza. Kina cha gharika utakisoma kesho yake kwa mstari wa tope ukutani mwa daraja.

Ila daftari linaweza kukupa dalili inayotangulia. Kutoka kwetu minara ya mawasiliano juu ya Bondwa inaonekana. Kwa masika mawili niliandika saa ambayo wingu jeusi linaimeza minara, na saa ambayo maji yanapanda kwenye geji. Mara nyingine hayakupanda kabisa, mara nyingine yalipanda baada ya muda wa saa moja na nusu. Sikuchukua wastani. Wastani unafaa kwa madanzi. Kwa watu unachukua muda mfupi kuliko wote ulioandikwa, na kwangu ulikuwa dakika arobaini. Niliwaambia kina mama wa jiwe la kufulia: minara ikipotea, mna dakika arobaini, na suuzeni kwa thelathini.

Siku hizi hawaniulizi tena. Wanafika juu ya kijia na mabeseni kichwani, wanasimama, wanageuka wote pamoja kuutazama mlima. Minara ikionekana, wanashuka. Ikiwa haionekani, utawasikia wakirudi na nguo zao kavu, wakigombana ni zamu ya nani kuteka maji ya bomba.